Chui Huyu wa Nani

Jumatatu, 4 Agosti

Nshamaliza. Miaka ishirini naziba boti za faiba Malindi, mjini Unguja, leo nina kitu cha kuonesha. Miezi minne ya msasa na kukohoa, na chui wangu kakamilika: unapanda kwa mkiani, unateleza tumboni na maji, unatokea mdomoni. Mtelezo mrefu kuliko yote katika bustani mpya ya maji hapa Bububu. Kila mtelezo ni mnyama wa visiwa vyetu. Haitham, fundi mwenzangu, kafanya kasa. Kasa! Kitu cha mviringo, hata mimi ningekimaliza kwa jicho moja.

Bi Fathiya, anayeandika vibao vya kueleza wanyama, leo kasimama mbele ya kasa muda mrefu. Kwa chui wangu kasema tu madoa yamezidi. Nimeyahesabu. Yamezidi kweli.

Nampenda mwanamke huyu mpaka nashindwa kula. Yeye mjane, mimi mke wangu kafariki mwaka wa sita huu. Ijumaa dada yangu Mize anapeleka barua ya posa kwa kaka wa Bi Fathiya, Bwana Pandu, Makunduchi. Haitham naye kaanza kujipaka manukato. Nnajua kwa nini.

Jumanne, 5 Agosti

Wazee wa mtaa wamekuja kutazama. Mzee Zahor kauliza chui huyu wa nani. Sasa, kila mtu wa Unguja anajua yanayosemwa: zamani chui alikuwa na mwenyewe, anamfuga kwa siri, anamtuma kudhuru watu. Ningejibu ni wa bustani, yakaisha. Lakini Haitham alikuwa pale, anasafisha kucha. Nikasema wangu.

Kisha Mzee Zahor, aliyenizidi miaka ishirini, akaniamkia shikamoo. Nikaitikia marahaba. Tamu, sikatai.

Jumatano, 6 Agosti

Heshima nnayo. Barazani wamenipisha mahali penye kivuli. Muuza samaki kanichagulia changu mnono bila kubishana. Haitham kaniita bwana mkubwa, na hakucheka.

Jioni jirani yangu Bi Rukaiya kanisemesha kwa adabu juu ya ukuta. Kuku wake mwekundu haonekani, sasa anauliza tu, yule mnyama wangu ameshiba? Nikamwambia ameshiba. Kwa nini nilisema vile? Ulimi huu hauna breki.

Alhamisi, 7 Agosti

Bi Fathiya kaniletea kibao cha chui nikisome kabla hajakipaka vanishi. Mwandiko wa kupendeza. Ameandika kwamba msitu ulikatwa, na chui akawindwa mpaka asionekane tena, kwa kuwa watu walimsingizia mambo, yeye na hao waliosemwa wanamfuga.

Nikasema kizuri sana. Akanieleza kuwa babu yake alisemwa hivyo hivyo, wakamfukuza kijijini. Alikuwa na paka mmoja na kifua kibovu, basi. Mama yake alikuwa akizomewa njia nzima ya kwenda chuoni kusoma Kurani. Halafu kaniuliza kama kweli nimewaambia watu chui ni wangu.

Nikamjibu nilikuwa na maana nimemtengeneza mimi. Kachukua kibao chake kaondoka. Samaki wa jana kaoza, sikumgusa.

Ijumaa, 8 Agosti

Dada Mize karudi na barua ile ile, kwenye leso ile ile, haijafunguliwa. Habari zilimtangulia kufika. Bwana Pandu kasema ukoo wao umebeba jina la chui miaka hamsini bila kosa, sasa anakuja mtu anajibandika jina hilo kwa hiari yake, kisha anataka na mke. Dada hakumaliza hata chai. Alipofika hapa alinisema mpaka alasiri.

Nimelia kidogo. Kidogo tu.

Jumapili, 10 Agosti

Ufunguzi. Kasa wa Haitham kajaa watoto. Kwa chui hakuna hata mmoja, kina mama wamewashika mikono. Anatema maji peke yake. Bi Fathiya kasimama kando ya kibao chake anasoma kwa sauti, hakuna anayesikiliza. Bwana Pandu yuko nyuma yake, kaja kwa ajili ya dada yake. Pale ndipo nilipoona nilichokifanya. Fedheha ya babu yake nimemrudishia yeye, mbele ya watu.

Nikapanda. Naogopa kupanda juu, Mungu shahidi. Juu kabisa nikapiga kelele kwamba chui huyu ni faiba na rangi, sina chui, sijapata kufuga hata paka, nilisema uongo kwa kutaka sifa, na kuku wa Bi Rukaiya simjui. Nilikusudia kushuka kwa ngazi. Mguu ukateleza. Nikaja kichwa mbele, na kanzu yangu, kofia ikabaki kooni mwa chui.

Bi Rukaiya ndiye aliyeanza kucheka. Kisha Bi Fathiya akakusanya buibui lake mkononi, akapanda, akatokea mdomoni anacheka mpaka machozi. Sijapata kumsikia akicheka vile. Watoto wakawaponyoka mama zao.

Bwana Pandu alinitoa majini kwa ukosi wa kanzu. Kasema barua iletwe tena, na nijifunze kuogelea.

Alhamisi, 14 Agosti

Imepokelewa! Bi Fathiya kampa dada Mize sharti moja tu aniletee: nisijipe tena mnyama asiye wangu. Nimekubali kwa moyo wote, nimeapa mbele ya dada. Kaniletea na kofia yangu, Bi Fathiya mwenyewe kaifua na kuipiga pasi. Nimekaa nimeishika mpaka chai imepoa.

Mchana mwenye bustani kaniagiza mtelezo mwingine: popo wa Pemba, mabawa wazi. Dada aliposikia popo, yule anayesemwa kuvamia watu usiku, akafunga dirisha. Wazee wamekuja kutazama mchoro. Mzee Zahor kauliza, kwa sauti ndogo, popo huyu wa nani.

Haitham alikuwa pale, anasafisha kucha.

Nimejibu neno moja tu, lile lile. Mzee Zahor kaniamkia shikamoo, na mimi nimeitikia.