Geji Mpya ya Malkia

Jumatatu, tarehe 6

Leo nimenunua geji ya joto la injini. Duara, uso mweusi, mshale mwekundu, namba kutoka arobaini hadi mia na ishirini. Nimekuja nayo nyumbani nimeishika kama yai. Mke wangu akauliza kama ni saa ya ukutani. Nikamwambia, Mama Watoto, hiki ni kifaa cha wanaojua.

Sababu naiandika hapa ili isije ikapotoshwa na watu wa familia hii. Ijumaa saa mbili asubuhi baba mkwe anapasuliwa jicho. Mtoto wa jicho kamfunika macho yote mawili, wanaanza na la kulia. Mzee ni fundi cherehani. Tangu mwaka jana hawezi kutunga uzi, anakaa tu mbele ya cherehani yake anaipangusa vumbi. Nafasi hii ameisubiri miezi minane. Akichelewa, anarudishwa mwisho wa foleni. Hospitali iko mlimani, mwendo wa saa mbili na zaidi, na wa kumpeleka ni mimi. Nimemwahidi. Huyu mzee alinipa binti yake nikiwa na suruali moja, na hiyo suruali alinishonea yeye.

Tatizo ni kwamba safari iliyopita Malkia alichemsha. Malkia ndiye gari langu. Tuna umri mmoja, ila yeye kakaa vizuri zaidi. Mama mkwe alikaa juu ya jiwe kando ya barabara saa tatu nzima, na tangu siku hiyo akiniona anakohoa. Geji ya kiwandani ilikufa zamani. Mke wangu kasema wazi: Malkia akionyesha dalili yoyote ya kuchemsha, baba atapelekwa na kaka yake. Kaka yake, yaani shemeji yangu, ana gari jipya. Jeupe. Viti bado vina nailoni. Ukitaka kupiga chafya ndani yake unaombwa ushuke.

Nilipita kwa Volti, fundi wa magari wa mtaani kwetu. Akasema rejeta imeziba, maji ya injini hayapoi, nimletee aisafishe. "Kaka, mgonjwa ana homa, wewe unanunua kipimajoto." Nikamjibu kwamba hata daktari huanza na kipimajoto. Akarudi chini ya gari alilokuwa akitengeneza. Nimezoea kuwashinda mafundi kwa hoja. Mimi nimekuwa utingo wa malori ya masafa, nimevuka mipaka minne, na shule niliiacha kidato cha pili walimu wakiwa bado wana mengi ya kujifunza kwangu.

Geji nitaifunga mwenyewe.

Jumanne, tarehe 7

Siku ya sensa. Sensa ni kijibomba cha shaba, saizi ya kidole gumba, kinachochomekwa kwenye injini kionje joto la maji kisha kipeleke habari kwa geji kupitia waya. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na picha sita. Nilitazama mbili, nikaelewa mwandishi anakoelekea.

Nilifungua boliti iliyoziba tundu. Maji yote yakaingia kwenye mkono wa shati hadi kwapani. Shati la kazini. Mke wangu alikuwa dirishani. Alifunga pazia taratibu, na hilo liliniuma kuliko tusi.

Nikajiuliza: je, sensa ikivuja huko mlimani? Hapo akili ikafanya kazi. Nikachukua ule utepe mweupe ambao mafundi bomba huzungushia kwenye koki zisivuje. Picha ya pili ilikuwa na utepe huohuo umepigwa alama kubwa ya X. Nikaelewa kwamba ndipo pa kuuweka. Nikazungusha mara ishirini na mbili. Sensa ikanenepa kama mtu aliyevaa makoti matatu. Ikaingia kwa spana na maneno ambayo siyaandiki. Nikajaza maji upya. Haivuji hata tone.

Shemeji akapita na gari lake. Akateremsha kioo kwa kidole kimoja, akauliza kama nahitaji msaada Ijumaa. Nikamwambia aende akabembeleze nailoni zake. Akacheka. Simpendi anavyocheka, ana meno mengi mno.

Jumatano, tarehe 8

Waya. Nyuma ya geji kuna miguu mitatu: mmoja wa sensa, mmoja wa kushika chuma cha bodi, mmoja wa umeme unaokuja ukiwasha swichi ya gari. Wa sensa niliupitisha kwenye ukuta wa injini kwa kutumia henga ya nguo ya mke wangu. Wa bodi nikaubana na skrubu. Wa umeme ndio ulionila siku.

Chini ya dashibodi ya Malkia kuna waya kama utumbo wa mbuzi. Nikachagua mwekundu, kwa sababu umeme ni mwekundu, hilo kila mtu analijua. Nikawasha. Kimya. Nikatoka kwenda kujaribu barabarani, nilipokata kona ya kwanza geji ikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, sambamba na taa ya kuonyesha kona. Nikikata kushoto, geji hai. Nikikata kulia, maiti. Nilizunguka mtaa kwa kushoto mara nne ili niisome. Kinyozi wa pale kona akatoka nje na mteja wake mwenye nusu kichwa, wakawa wananihesabia. Mzunguko wa nne akanipungia mkono, akaniambia nifike salama.

Nikahamia waya wa bluu. Huo ulikuwa wa honi. Nikibonyeza honi, geji inawaka. Jirani akatoka kuuliza anaolewa nani.

Mwishowe nikaona huu ni utumwa. Nikavuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri. Geji ikawaka, taa ya kijani, dashibodi ikawa kama ya rubani. Nikamwita mke wangu. Akaja na povu la sabuni mikononi, akaangalia, akauliza inazimwaje. Nikamwambia kitu kizuri namna hii unakizima cha nini.

Jumatano njema. Nimechoka lakini nimeshinda.

Alhamisi, tarehe 9

Betri imekufa. Geji ilikunywa umeme tangu jana. Sitaki kulizungumzia lile swali la mke wangu. Yeye kwa bahati mbaya anataka.

Volti akaja na betri ya kushtulia. Akahamishia waya kwenye boksi la fyuzi, dakika nne, huku anapiga mluzi. Sasa ukiwasha gari geji inawaka, ukizima inazima. Ikabaki shida moja. Mshale umelala. Injini imenguruma nusu saa na mshale uko chini ya arobaini, haujatikisika.

Volti akachomoa waya wa sensa, akaugusisha kwenye chuma cha injini. Mshale ukaruka mpaka mwisho. Akaurudisha, mshale ukalala. Akasema geji ni nzima, waya ni mzima, kasoro iko pale sensa iliposhikia. Akauliza nimeifungaje. Nikamwambia kitaalamu. Akasema niifungue aione. Lakini mimi nilishasikia geji ni nzima, mengine ya nini? Kama geji ni nzima na inasema baridi, basi injini ni baridi. Hii ni hesabu, si maoni. Habari za rejeta zilikuwa ni Volti kutafuta kazi tu.

Jioni nikampitia baba mkwe kumpa ripoti. Nilimkuta ameshavaa shati la safari, analizoea. Nikamwambia Malkia yuko chini ya arobaini, baridi kama mtungi. Akanyoosha mkono kutafuta bega langu, akakosa, akashika sikio. "Mwanangu, mimi nakuamini," akasema. "Ila mama mkwe wako amefungasha chakula cha siku mbili."

Ijumaa, tarehe 10

Naandika nikiwa kando ya barabara. Nimekaa juu ya jiwe. Nadhani ni lilelile.

Tuliondoka kabla ya saa kumi na mbili. Baba mkwe mbele, mke wangu nyuma na chakula. Mshale umelala. Nikawa nawaonyesha kila dakika kumi, hata baba mkwe, ambaye hakuuona lakini alikubali kwa adabu. Mlima ulipoanza nikaona kwenye kioo gari jeupe. Shemeji. Anatufuata polepole. Nikajua anataka kunipita ili apate la kusimulia. Nikakanyaga mafuta. Akaongeza. Nikakanyaga tena. Mke wangu akasema baba ana presha. Nikasema na mimi pia.

Baba mkwe akanusa. Akasema, "Mwanangu, kuna kitu kinaiva." Nikamwambia ni breki za lori lililotangulia. Akasema haoni lori. Nikamwambia, baba, wewe huoni chochote, ndiyo maana tunakwenda. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanusa tena, akasema harufu hii anaijua, ni ya pasi iliyosahauliwa juu ya suruali ya mteja. Nikatazama geji. Chini ya arobaini. Nikamwambia tuwe na imani na vifaa. Mbele ya kioo pakawa peupe. Nikadhani ni ukungu wa mlimani, nikawasha waipa. Ukungu ulikuwa unatoka kwenye boneti.

Malkia akapiga kikohozi kimoja, akazima. Saa moja na dakika tano. Mshale bado umelala kama uko kwao.

Baba mkwe hakulaumu. Alikaa na mikono juu ya magoti, vidole vinasuguana kama vinatafuta ncha ya uzi. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama wanaweza kumshikia nafasi yake hata tukichelewa kidogo. Nikatafuta utani wa kumjibu. Nilitafuta kila mfuko, sikuwa na hata mmoja.

Gari jeupe likasimama. Kumbe mke wangu ndiye aliyempanga kaka yake, tokea Jumatatu, atufuate nyuma tukiharibika. Shemeji hakucheka. Alikuwa ameshabandua nailoni kwenye kiti cha mbele ili mzee asiteleze. Tukamhamisha pamoja, yeye kwapa la kulia, mimi la kushoto. Mke wangu akaingia nyuma, akaniachia nusu ya chakula. Nilitaka kumwambia shemeji neno la shukrani. Likatoka nikimwambia asikate kona kwa kasi. Akajibu, "Sawa, shemeji."

Saa mbili kasoro dakika nane mke wangu kapiga simu. Wamefika, mzee ameshaingizwa ndani.

Nimekula chakula chote. Macho yamelowa. Ni mvuke.

Jumamosi, tarehe 11

Siku moja, bandeji mbili zimefunguliwa.

Volti alimvuta Malkia jana hiyohiyo, na leo asubuhi shemeji akatupakia mimi na mama mkwe hadi hospitali. Daktari akamfungua mzee jicho mbele yetu. Mzee akapepesa, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba radhi, yenye sehemu tatu. Kabla sijafungua kinywa akauliza, "Hiyo suruali kakushonea nani? Mguu mmoja mfupi." Akasema nimpelekee, atairekebisha mwenyewe. Mama mkwe akaanza kulia. Mimi nikatoka nje kuangalia magari yanavyoegeshwa.

Mchana Volti akafungua sensa. Akabandua utepe wangu mzunguko mmoja mmoja, watu wanatazama, kinyozi anahesabu. Akanieleza: sensa hii ina waya mmoja tu, kwa hiyo umeme unarudi kupitia meno yake ya kufungia kwenye chuma cha injini. Mimi nimeyafunika meno hayo kwa plastiki mara ishirini na mbili. Ilikuwa inaonja joto vizuri, ila haina pa kusemea. Akairudisha tupu, akasafisha rejeta, akawasha. Mshale ukapanda taratibu hadi tisini, ukatulia. Nikawaeleza waliokuwepo kwamba kosa ni la kiwanda cha utepe, kutengeneza kitu imara kupita kiasi. Kinyozi akauliza kama safari ijayo ni ya kushoto tena.

Jumapili, tarehe 12

Mke wangu kasema nimshukuru kaka yake, na nisimshukuru kwa maneno, maana maneno yangu ameyazoea. Ana haki. Yule bwana kamwokolea mzee jicho. Nimefikiri tangu asubuhi ni zawadi gani inamfaa mtu ambaye gari lake lina kila kitu.

Kisha nikaona. Halina namba. Dashibodi yote ile, na joto la injini linaonyeshwa kwa kitaa kimoja, bluu au chekundu, basi. Mtu msomi kama yule anaendesha kwa kubahatisha. Na mwezi ujao ndiye atakayempeleka mzee kwa ajili ya jicho la kushoto. Moyo wangu haukukubali.

Shemeji amekuja kula mchana. Nimemwomba funguo nimwoshee gari. Akaniangalia, akanikumbatia, akasema, "Shemeji, tumetoka mbali." Sasa hivi amejilaza kwenye kochi letu, anakoroma kwa meno yote.

Geji nimeichukua inayofanana na yangu, kama mapacha. Tundu la dashibodi nimeshatoboa, drili iliteleza mara moja tu. Utepe sikutumia. Mimi si mtu wa kurudia kosa. Umeme nimeutafuta chini ya usukani na nimepata waya wa njano, mnene, umefungwa peke yake kwa heshima zote, bila shaka ndio wenye nguvu. Pembeni yake wamebandika picha ya puto linalomlipukia dereva usoni, na onyo kwa lugha ya waliolitengeneza gari. Lingekuwa linanihusu mimi, wangeliandika kwa Kiswahili.