Nimekanyaga Breki Ndani ya Mawese

Leo nimeaibika. Tena si aibu ya kufichika, ni aibu nyekundu, imepanda mpaka gotini, na hadi saa hii ninapoandika haijatoka. Nimejaribu sabuni ya kufulia. Nimejaribu majivu. Nimejisugua kwa mchanga mpaka ngozi imelalamika. Bado! Basi afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjaletewa habari na watu wa Katonga, maana wale wataongeza chumvi. (Ingawa sioni wataiongezea wapi.)

Kwa msionijua: naendesha boti. Boti ya mbao, injini nyuma, abiria na mizigo yao, tunapitia Ujiji tunashushia Katonga. Mwaka wa kumi na nne huu. Mwenye boti ni Mama Tatu. Ana boti mbili na madereva wawili, mimi na Ramadhani. Mwezi uliopita akatangaza kwamba ananunua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kiwe kinapeleka dagaa Simbo na kwingineko. Akasema mmoja wetu atamlipia chuo cha udereva, awe dereva wa hicho kigari. Mmoja tu.

Jamani, ile nafasi niliitaka mpaka chakula kikawa hakipiti. Na niwaambie kwa nini, msicheke bado. Ziwa halishiki alama. Miaka kumi na nne napita palepale, nikigeuka nyuma naona povu kidogo, kisha maji yanafunga, kama vile sijapita. Barabara siyo hivyo. Mvua ikinyesha Simbo na gari likapita, kesho yake unakuta alama ya tairi imekaukia kwenye udongo mwekundu. Mimi nilitaka alama yangu. Nipite mahali, nirudi, nione kwamba nilipita.

Bahati nzuri boti yangu ikapandishwa nchi kavu, mafundi wazibe matundu, wiki tatu nzima. Nikaenda kwa Kassimu. Kassimu ni rafiki yangu tangu madrasa, ana banda la gemu pale Kasingirima, na humo kuna gemu moja la magari ambalo kila kitu ni kama kweli: gia, kona, matope, mpaka kioo cha kuangalia nyuma. Unaweza kuendesha kwa mausi ya kompyuta. Au kwa usukani wa plastiki, pamoja na pedeli mbili za chini, ya mafuta na ya breki.

"Unataka ipi?" Kassimu akaniuliza.

"Mausi," nikasema. (Inashikwa kwa mkono mmoja, na kazi yangu yote ni ya mkono mmoja.)

Siku hiyo nilipeleka gari kwa watazamaji mara tano. Kona inakwenda kulia, mimi nakwenda kushoto. Kassimu akanitazama, akautazama mkono wangu, akacheka mpaka akakaa chini. Alishaelewa. Iko hivi: dereva wa boti anakaa nyuma, ameshika mpini wa injini. Ukiusukuma mpini kulia, boti inakwenda kushoto. Ukiusukuma kushoto, boti inakwenda kulia. Ni kinyumenyume, na mkono wangu umeishi kinyumenyume miaka yote hiyo. Kassimu akaingia kwenye mipangilio ya gemu, akaigeuza mausi ifuate mkono wangu.

Weee! Nikakaa upandeupande kama nipo nyuma ya boti, nasukuma mausi taratibu, gari linateleza lenyewe. Wote waliokuwa bandani niliwapita. Niliona raha mpaka nikafumba macho kidogo. (Usijaribu.)

"Unaendesha vizuri sana," Kassimu akasema. "Lakini Mama Tatu hanunui gari la mausi."

Neno hilo likanikaa rohoni siku nzima. Kwenye mausi nilikuwa bingwa. Kwenye usukani nilikuwa wa mwisho, tena wa mwisho anayesubiriwa ili banda lifungwe. Kesho yake nikachagua usukani. Nikashinda hapo siku baada ya siku, naufundisha mkono upya. Kulia ni kulia. Kushoto ni kushoto. Ukiona hatari, mguu kwenye breki. Nilikuwa nayarudia mpaka wakati wa kutawadha. Juzi nikamaliza mzunguko mzima bila kugusa hata jani, Kassimu akanipa mkono, "Sasa umekuwa dereva." Nikarudi nyumbani kwa miguu, upande wa kushoto wa barabara, na kila nikifika kwenye kona napunguza mwendo.

Ndiyo tukafika leo. Safari ya kwanza ya boti baada ya matengenezo. Pale Ujiji akapanda Mama Tatu mwenyewe, kitenge kipya, mkononi ndoo ya mawese iliyofunikwa kwa jani la mgomba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Jafari. Hii ndoo ni ya mkwe wangu. Ikae hapo miguuni kwako, wewe ndiye ninayekuamini." Kisha akainama, akasema kwa sauti ndogo, "Tukifika Katonga nitakwambia jambo la chuo."

Moyo wangu! Nilitaka kushangilia, nikakohoa tu.

Tukaondoka. Mkono ulifanya kazi wenyewe, ninyi mnajua, mambo ya mazoea. Na asubuhi ile, jamani, ziwa lilikuwa limelala. Hakuna wimbi. Milima ya Kongo kule ng'ambo ilikuwa ya bluu nyepesi, nusu ipo nusu haipo, na maji yamenyooka mpaka huwezi kujua yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Abiria wamenyamaza. Injini inanguruma sauti moja tu. Nikaanza kuona lami. Kweli kabisa, nikaiona, nyeusi, mpya, ina mstari mweupe katikati, inapita juu ya maji. Mimi nipo ndani ya kirikuu, kioo kimeshushwa, kiwiko nje. Napita Simbo, kina mama wa mihogo wananipungia. Nikapunga. (Abiria mmoja naye akanipungia, maskini, akidhani namsalimia.) Nikaangalia kwenye kioo cha nyuma, nikaona alama za tairi zangu zinanifuata, mbili, ndefu, hazifutiki. Nilikuwa na furaha ambayo sijui nitaipata wapi tena.

"Jafari, tumefika," Mama Tatu akasema.

Nikarudi. Ila sikurudi mwili mzima. Mkono na mguu vilibaki kwenye kirikuu.

Mbele yetu ufukwe wa Katonga. Kulia ni pale tunaposhushia, peupe, hapana kitu. Kushoto kina mama wameanika dagaa mchangani, wengi, wanang'aa. Nikataka kwenda kulia. Kulia ni kulia. Nikausukuma mpini kulia.

Boti ikaenda kushoto.

Nikashangaa. Nikafanya kile Kassimu alichonifundisha gari likikataa kona: nikaongeza. Boti nayo ikaongeza! Watu wa ufukweni wakaanza kupiga kelele, "Yooo! Wewe! Wewe!" Dagaa wanakuja, mimi mkono umekakamaa na injini nimeifungulia mafuta yote. Hatari! Nikainua mguu wa kulia, nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote.

Jani la mgomba likapasuka. Mguu ukaingia kwenye ndoo ya mkwe mpaka gotini.

Mtu aliye ufukweni anaonaje? Anaona boti inakuja kasi, abiria wameshikana, na dereva amesimama mguu mmoja ndani ya ndoo, bado anakanyaga. Nilikanyaga mara tatu! Mawese yaliruka hadi kwenye kitenge kipya. Boti ikapanda mchanga, ikapita katikati ya dagaa, ikaenda, ikaenda, ikasimama shubiri moja kutoka kwenye meza ya mama anayeuza chai. Alhamdulillahi, hakuumia mtu. Yule mama wala hakukimbia. Alinitazama mimi, akatazama mguu, akashika chupa.

"Karibu, baba. Ya rangi au ya maziwa?"

Kisha sauti moja kutoka mbele ya boti, "Dereva, shusha hapahapa!" Hapo Katonga nzima ikaangua kicheko.

Mama Tatu hakucheka. Alijifuta shavu, taratibu.

"Jafari, ulikuwa unafanya nini na huo mguu?"

"Nilikuwa nafunga breki, mama."

"Boti ina breki?"

"Haina, mama."

"Sasa ulikuwa unafunga breki ya nani?"

Nikasema yote. Gemu, Kassimu, mausi, usukani, kulia ni kulia. Mbele ya watu, nimesimama mchangani, mguu mmoja wangu na mmoja wa mboga. Aliposikia "mausi" akaniuliza ndiyo nini, ikabidi nieleze na hilo. Nikajua nimekwisha. Ramadhani atasoma udereva, mimi nitasoma adabu.

Mama Tatu akaigeukia boti, akautazama mpini.

"Nilikuja nimeshaamua uende wewe," akasema. "Sasa utakwenda kwa sababu nyingine. Mtu aliyesahau maji simwachii roho za watu. Jumatatu uanze chuo. Boti yako nayo nampa Ramadhani aisimamie. Na hao dagaa uwaokote, mmoja mmoja, uwaoshe."

Yaani nimepata! Nimekipata kile nilichokuwa nakiota, ila kimenijia kama adhabu. Nikainama kuokota dagaa, nacheka, na humohumo machozi yananitoka, maana nilitaka kuondoka ziwani kwa heshima, siyo kufukuzwa na mkono wangu mwenyewe.

Adhuhuri, vijana walipoisukuma boti kurudi majini, ndipo nikauona. Kuanzia majini hadi kwenye meza ya chai, mchangani pamebaki mstari mmoja mrefu, umechimbika, umenyooka kabisa, na pembeni yake matone mekundu. Nilisimama nikautazama muda mrefu, kopo la dagaa mkononi. Yule mama wa chai akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia sijapoteza.

Jioni upepo ukianza, mawimbi yataufuta. Kwa hiyo utakayepita Katonga mchana huu, ukiuona, pita pembeni usiukanyage. Ni alama yangu ya kwanza. Na tafadhali, usicheke.