Kanuni ya Kinyesi Kibichi

Kwa furaha kubwa na kwa idhini ya Mkurugenzi, Kituo cha Utafiti wa Uchumi wa Kilimo, Fedha Vijijini na Mabadiliko ya Idadi ya Watu kiliutangazia umma kwamba umaskini katika kata zetu tatu za Hanang umepungua kwa asilimia thelathini na moja, bila mtu yeyote kupata kitu chochote. Wafadhili walipiga makofi. Walisema hawajawahi kuona maendeleo ya bei nafuu kiasi hicho.

Mimi ni Imakulata, Msaidizi wa Utafiti Daraja la Pili, mwenye stashahada. Kamati ya Nidhamu imenitaka nijieleze kwa maandishi ndani ya siku saba, kisha niombe radhi. Nitajieleza. La pili tutaliona tukilifikia.

Chanzo cha yote ni ng'ombe. Hanang na Mbulu, mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote nyumbani kwake. Huyu anampa rafiki wa bondeni wawili, yule anampa shemeji wa mlimani watatu. Anayetunza anakunywa maziwa na kumwaga samadi shambani. Mwenye ng'ombe anabaki kuwa mwenye ng'ombe. Akifa mnyama, mtunzaji anapeleka ngozi kwa mwenyewe, wanapeana pole, maisha yanaendelea. Watu wamefanya hivyo tangu babu wa babu zao, bila fomu, bila muhuri, na bila kumwuliza mtaalamu yeyote. Kituo kiliuita utaratibu huu "utawanyiko usioratibiwa wa mali hai" na kuuweka kwenye orodha ya matatizo.

Mkurugenzi wetu, Dakta Agustino, ni mzaliwa wa Mbulu aliyesoma mbali sana akarudi. Yeye ndiye aliyelitatua tatizo, kwa sentensi moja, ambayo sasa imechapwa kwenye fulana zetu: "Mnyama ni mali ya kaya ambayo kinyesi chake kibichi kimeonekana siku ya dodoso."

Tulifanyiwa mafunzo Katesh siku tatu. Siku ya kwanza tulijifunza kutofautisha kinyesi kibichi na kikavu. Siku ya pili tulirudia, kwa sababu wadadisi wawili walifeli. Siku ya tatu tulipewa vyeti.

Kaya ziligawanywa mafungu matatu: Imara, Legelege na Tepetevu. Kaya Tepetevu zilipewa kadi ya matibabu ya bure na semina ya ufugaji. Kadi zilikuwa mia moja na ishirini, si zaidi. Kaya Imara zilipewa hati yenye muhuri wa Kituo na pongezi.

Nilianzia Getanuwas kwa Mzee Gidahosh. Kila mtu kule anajua kwamba huyu mzee ana ng'ombe hamsini na kitu. Zizi lake lilikuwa limefagiliwa na upepo.

"Shikamoo, mzee. Ng'ombe wako wako wapi?"

"Marahaba. Wako kwa watu."

"Wote?"

"Wote. Mwaka ule mlima uliposhusha tope nilikuwa na wanne Jorodom kwa rafiki yangu. Rafiki alipona, ng'ombe hawakupona. Ningekuwa nimewaweka wote pale, leo ungenikuta na hii fimbo tu." Akaegemea fimbo. "Sasa wewe unatafuta nini hapo chini?"

"Kinyesi, mzee."

Alinitazama kwa huruma. "Binti, wazazi wako wanajua kazi unayofanya?"

Sikuona kinyesi. Kishikwambi kilitoa mlio wa huzuni na kuandika: Kaya Tepetevu. Ndiyo maana Mzee Gidahosh alihudhuria semina ambamo kijana aliyezaliwa ghorofani alimwonyesha picha ya ng'ombe na kumweleza sehemu zake. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Alipoulizwa kama ana swali, aliuliza kama huyo wa kwenye picha anauzwa.

Kutoka hapo nilipanda Mogitu, Kaya Namba 0417. Ni nyumba ya Bibi Natalia, mjane wa Nikolausi, anayelima mahindi na ngano kidogo. Macho yake yote mawili yameshikwa na mtoto wa jicho. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya zamani ya kadi, na daktari wa macho alikuwa ameshampangia mwezi wa upasuaji. Alichosubiri ni kadi tu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sogea, nakuona kama moshi. Wewe ni wa nani?"

"Wa Kituo, bibi. Naomba kuuliza, kuna kinyesi cha ng'ombe hapa?"

"Kipo. Umekikanyaga."

Kilikuwa kibichi. Nyuma ya nyumba walisimama ng'ombe watano, wanene, wenye afya kuliko wadadisi wote wa Kituo.

"Hao ni wa watu," Bibi alisema kabla sijaandika. "Marehemu mzee Lameck wa Dongobesh alimpa mume wangu jike mmoja, ndiye amezaa hao. Mimi yangu ni maziwa na samadi. Tena mwandike vizuri, nisije nikaitwa mwizi uzeeni."

Dodoso halikuwa na jibu la "wa watu". Lilikuwa na sehemu ya maoni yenye nafasi ya herufi kumi. Niliandika "Ng'ombe wa" na kishikwambi kikakataa kuendelea. Makao makuu waliisoma, wakaona inatosha.

Hapo ndipo sayansi ilipofanya kazi yake. Miaka miwili iliyopita, nyumba ile ilikuwa na watu wanne, bibi na vijana wake watatu. Kisha Wolfgang akahamia Katavi kutafuta shamba, Sara akaolewa Babati, na Restituta akaenda Arusha kufanya kazi za ndani. Akabaki bibi peke yake na ng'ombe watano. Ripoti yetu, ukurasa wa arobaini, inasema: "Uhamaji wa vijana umeongeza utajiri wa kila kichwa kinachobaki mara nne." Bibi Natalia, ambaye hakuwa akiuona mkono wake mwenyewe, akawa mtu tajiri kuliko wote katika kata. Nilijaribu kukokotoa utajiri wa kaya hiyo endapo na yeye ataondoka. Kompyuta iliganda. Mkurugenzi alisema hiyo ndiyo sababu tunahitaji awamu ya pili.

Akafutwa kwenye orodha ya kadi. Nilimpelekea barua mwenyewe na kumsomea.

"Wanasema mimi ni imara?"

"Ndiyo, bibi."

"Na macho?"

"Wanashauri uuze ng'ombe mmoja."

"Niuze ng'ombe wa mtu? Hao waliokutuma wamezaliwa na watu kweli?"

Nililijua jina la Lameck. Kila mtu Kituoni analijua, maana Mkurugenzi hulitumia kama jina la pili kwenye kila barua. Lakini Msaidizi wa Daraja la Pili haruhusiwi kutafsiri takwimu. Nikanyamaza kwa mujibu wa mwongozo.

Mkutano wa kutangaza matokeo ulifanyika Mogitu, mbele ya ofisi ya kijiji. Kituo kilileta viti kwa lori. Nilimsikia Mkurugenzi akimwambia dereva, Festo, kwamba viti vikishashushwa lori lisiondoke.

"Nina ng'ombe wangu wa urithi hapa kwa mjane mmoja. Binti yangu anaolewa mwezi ujao. Tukimaliza, tunawapakia."

Festo alinitazama. Nami nikaangalia mlima.

Mkurugenzi alisimama meza kuu akiwa na miwani yake mipya ya fremu ya dhahabu, ile aliyovaa tangu mwezi wa tano. Alihutubia saa moja na robo. Alisema vijijini hakuna umaskini, kuna utajiri usiojitambua. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Severine, mtu mpole anayeandika kila kitu kwenye daftari la muhtasari, aliinua mkono.

"Mheshimiwa Dakta, mtu akiona takwimu zimekosea, afanyeje?"

"Afanye kuzikubali. Takwimu zikishagongwa muhuri haziulizwi."

"Naomba urudie, niandike vizuri."

Akarudia. Severine akaandika.

Kisha hati zikaanza kutolewa. Nilisoma kwenye kipaza sauti: "Natalia Nikolausi, Kaya Imara, mmiliki halali wa ng'ombe watano. Imesainiwa, Dakta Agustino Lameck, Mkurugenzi." Bibi alikuja akiongozwa mkono, akaipokea hati, akaupapasa ule muhuri.

"Asante," alisema. "Sasa nasikia kuna lori nje. Limekuja kuchukua nini?"

Mkurugenzi alicheka kistaarabu. "Mama, hilo ni jambo la kifamilia. Wale ng'ombe watano aliwaacha baba yangu. Nitakupa na kanga."

"Kumbe ni wako?"

"Ni wangu."

"Basi mimi sina ng'ombe."

"Unao, mama. Takwimu zinaonyesha unao."

Watu walianza kukohoa kile kikohozi ambacho si kikohozi. Mzee Gidahosh, aliyekuwa amepanda kutoka Getanuwas kupokea kadi yake ya mtu fukara, alinyanyuka akajifunga shuka vizuri.

"Nilikuwepo siku Lameck anamkabidhi Nikolausi yule jike. Mashahidi tulikuwa watatu, nimebaki mimi. Ng'ombe ni wa Lameck, na Lameck akifa ni wa mtoto wake. Mambo yenyewe ni mafupi hivyo. Au nimekosea, mtaalamu?"

"Hujakosea, mzee," Mkurugenzi alisema. Jasho lilikuwa limeanza kushusha miwani. "Lakini tuelewane. Kitakwimu ni wa huyu mama. Kiukweli ni wangu."

"Vizuri," alisema Gidahosh. "Basi pakia kwenye lori wale wa ukweli, na wale wa takwimu mwachie bibi auze akatibiwe macho."

Hapo kikohozi kikaisha. Watu walicheka wazi, mama mmoja hadi akaketi chini. Mkurugenzi alinigeukia kwa sauti ambayo kipaza sauti kiliibeba mpaka barabarani.

"Imakulata! Sahihisha hiyo kitu!"

Naomba Kamati izingatie maneno hayo. Yako kwenye muhtasari wa kijiji, ukurasa wa tisa.

Nilifungua kishikwambi. Ili kuwatoa ng'ombe kwenye kaya moja, lazima uwapeleke kwenye kaya nyingine iliyosajiliwa. Niliandika jina la mwenye mali, nikabonyeza "Tafuta". Kikaleta Kaya Namba 0001, Dongobesh. Ni dodoso la mfano, ambalo Mkurugenzi alilijaza mwenyewe siku ya uzinduzi ili kutuonyesha njia. Nyumba ya marehemu baba yake, zizi tupu, kinyesi hakijaonekana. Mwongozo unataka taarifa za kaya inayopokea zisomwe mbele ya shahidi. Mashahidi walikuwa kama mia tatu. Nikasoma.

"Agustino Lameck. Kaya Tepetevu. Kadi ya matibabu: imetolewa. Huduma zilizotumika: macho. Miwani moja, fremu ya daraja la kwanza."

Hakuna aliyecheka mara moja. Wote waliiangalia miwani kwanza.

"Ilikuwa majaribio ya mfumo," Mkurugenzi alisema.

"Na mfumo umefanya kazi?" aliuliza Severine, kalamu mkononi.

"Jamani, mimi sikuiomba. Kadi ilikuja yenyewe."

"Kwangu haikuja," alisema Bibi Natalia. Hakupandisha sauti. "Nimekutunzia ng'ombe wako miaka ishirini na mbili, mwanangu. Hajapotea hata mmoja. Waliokufa, ngozi zao alizipokea baba yako kwa mkono wake. Nakuuliza kitu kimoja tu, nawe nijibu mbele ya hawa watu. Ni wako au ni wangu? Wakiwa wangu, kesho nauza mmoja naenda hospitali. Wakiwa wako, nirudishie jina langu kwenye orodha, kisha uwachukue, na yule mtamba mweusi uniachie, maana ndiyo haki ya mtunzaji kwa desturi, na unaijua."

Mkurugenzi alitazama lori. Alitazama viti. Alisema jambo hilo linahitaji kamati, akaingia kwenye gari, akaondoka kasi. Festo alibaki amelala kwenye lori akisubiri maelekezo ambayo hayakufika. Mwishowe alipakia viti.

Mimi nilikuwa bado nimeshika kishikwambi. Chini kabisa palikuwa na kitufe cha "Tuma". Nikabonyeza.

Mfumo, ambao Mkurugenzi mwenyewe aliusifu kwa wafadhili kwamba hauna huruma wala upendeleo, ulifanya hesabu zake. Kaya 0001 ikawa Imara na kadi yake ikafungwa. Kaya 0417 ikawa Tepetevu. Kadi ya mia moja na ishirini ikahamia Mogitu. Umaskini katika kata haukuongezeka wala kupungua. Ulirudi tu kwa mwenyewe.

Bibi Natalia alipasuliwa jicho la kulia wiki tatu zilizopita. Nilikwenda kumwona. Alinikagua kuanzia viatu hadi nywele, akasema alidhani mimi ni mnene zaidi. Kisha akatoka nje mwenyewe, bila kushikwa mkono, akawahesabu ng'ombe wa watu: watano, wote wapo. Amesema mwenyewe aje kuwachukua siku yoyote, ila aje yeye, asitume mtu. Anataka kumwona.

Kuhusu shtaka la kwanza, kwamba nilituma marekebisho bila idhini: idhini ilitolewa kwa kipaza sauti. Kuhusu la pili, kwamba nilisoma taarifa za siri hadharani: nilifuata mwongozo, kifungu cha sita, nilichokariri Katesh pamoja na kile cha kinyesi. Kuhusu la tatu, kwamba Mkurugenzi sasa anashindwa kusoma barua za ofisi kwa kuwa amelazimika kurudisha miwani: nampa pole, na namshauri auze ng'ombe mmoja.

Mmeniagiza nimalizie kwa kuomba radhi. Siombi.