Kijitabu Chenu Kimenivunjia Heshima Jikoni

Kwa Mwandishi wa Kijitabu cha Maelekezo ya Maikrowevu

Ndugu,

Natumaini u mzima, na kwamba kwako hakuna anayekusomea maandishi yako wakati wa chakula. Mimi ni fundi rangi, mume wa mkunga. Tangu mke wangu akibandike kijitabu chako kwenye mlango wa friji, mimi si baba mwenye nyumba tena, ni mwanafunzi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Umeandika kwamba yai lisipashwe moto likiwa na ganda lake. Mtu mzima haambiwi habari za yai. Nililitia, likapasuka kwa kishindo hata mama mkwe, aliyekuwa sebuleni akisali, akafupisha dua. Bila onyo lako ningeitwa mwenye bahati mbaya. Sasa naitwa mkaidi.

2. Umekataza vyombo vyenye chuma. Kikombe changu cha harusi, chenye ukingo wa dhahabu, kilitoa cheche kama mtu anachomelea geti. Mke wangu alinyoosha kidole tu kwenye friji, mstari wa nne. Ndugu, heri matusi.

3. Umeagiza bakuli lisifunikwe likabana, mvuke upate njia. Nilibana. Mchuzi ukafika darini. Nimepaka rangi dari yangu mwenyewe siku ya mapumziko, mama mkwe akinishikia ngazi na kunikumbusha kuwa sikio la kufa halisikii dawa.

4. Umesema soksi zisikaushwe humo. Nani alikwambia habari za soksi zangu? Nashuku wewe na mke wangu mnaandikiana.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mtoe toleo lisilo na onyo hata moja, ili mume akosee kwa amani nyumbani kwake.

Wasalimie wote ofisini, hasa mchoraji. Yule mtu aliyemchora kijitabuni, mwenye nywele zilizosimama, anafanana nami mno.

Wako mwenye subira,
Fundi rangi

Tanbihi: Mwandiko huu ni wa mama mkwe, maana mkono wangu wa kulia umefungwa bendeji. Jana nilichemsha maji kikombeni, ndani ya maikrowevu. Yalikuwa yametulia tuli. Nilipotia kijiko, yakaniruka. Kumbe ukurasa wa saba unaonya kuwa maji ya humo huweza kupita kiasi cha kuchemka bila kutokota, nami sikuwahi kufika huko. Mke wangu aliushika mkono wangu chini ya bomba dakika ishirini nzima, hakunisema, machozi yanamtoka. Tafadhali nitumie nakala yangu mwenyewe, yenye maandishi makubwa. Nitaisoma yote.