Sura Alizozisahau Mwandishi

Jumanne, 4 Machi

Bibi karudi kutoka hospitali jana. Jicho la kulia limetolewa mtoto wa jicho, limefunikwa kikombe cha plastiki na plasta juu. La kushoto bado ukungu mtupu. Daktari kasema asiiname, asinyanyue ndoo, asisome. Mawili ya kwanza kayapokea vizuri. La tatu kaliuliza mara tatu, kama mtu aliyeambiwa asipumue.

Maana mke wangu ni mlevi wa vitabu. Si vyote. Vile vya kabati la kanisa, la kinamama wa Alhamisi. Mchungaji anatishiwa maisha, maiti inakutwa chini ya kinanda, mwanamke mcha Mungu anafukuzwa ngazini, na mwisho muuaji anatubu au anaanguka kutoka juu. Ndoa ina miaka arobaini na sita. Nusu yake nimetazama majalada mahali pa uso wake.

Cha sasa kaachia ukurasa wa 98. Jalada lina mnara wa kengele na mtu asiye na uso. Leo baada ya chakula cha mchana kashusha pumzi mara saba. Nilihesabu. Nikasema basi lete, nitakusomea mimi. Akacheka mpaka nikaogopea plasta. Mimi! Niliyeishia darasa la sita! Kitabu pekee nilichowahi kumaliza ni cha maelekezo ya vitasa, na chenyewe kilikuwa na picha.

Kurasa nne kwa saa nzima. Kidole chini ya neno, jasho juu. Ukurasa wa 101 mlango wa mnara ukafunguka wenyewe. Bibi akanidaka mkono, hapa kwenye kifundo, na hakuuachia mpaka sura ikaisha.

Sijashikwa hivyo tangu tulipopanda pikipiki ya kaka yake, mwaka tuliooana.

Jumatano, 5 Machi

Kitabu ni hivi. Kuna mpiga kinanda, mjane, bado kijana. Mtu anamtumia barua za vitisho, mistari ya Biblia iliyokatwa kwa mkasi na kubandikwa. Kuna daktari wa zahanati anayempenda. Mrefu, meno kama chaki, hajapiga chafya tangu ukurasa wa kwanza. Bibi anampenda daktari huyo kuliko mpiga kinanda anavyompenda.

Mimi simpendi. Leo kafungua mlango wa chuma kwa pini ya nywele! Nikafunga kitabu. Nimekuwa fundi makufuli miaka thelathini na minane. Pini ya nywele hufunga nywele. Bibi akasema soma, Mzee, acha kumwonea wivu mtu wa karatasi.

Halafu huyu mpiga kinanda. Anasikia hatua ngazini, anapiga magoti, anasali. Nikasema Mungu angependa kwanza asukume komeo. Bibi akasema ndiyo maana kinamama hukuombea wewe kila Alhamisi, tena kabla ya wagonjwa.

Mkono umeshikwa mara mbili. Mara ya pili kucha zimeacha alama. Nimezitazama nilipokuwa naosha vyombo.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa lina jina, linaitwa Spika. Mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, jirani wa nyumba ya tatu. Ana sauti hiyo! Akisoma somo la Jumapili hata bati linatulia. Kaja getini na shati limenyooshwa, akasema amesikia mama hawezi kusoma, na yeye yuko tayari kuja kila siku saa tisa amsomee, kwa vituo na kwa hisia.

Kwa hisia! Nikauona mkono wangu unaondoka.

Nikamwambia samahani sana, Mwalimu, jicho linaambukiza. Akauliza hata kwa mtu anayesoma tu? Nikasema hasa huyo.

Kufikia saa kumi mtaa mzima ulikuwa na habari. Muuza maziwa kaacha chupa getini akakimbia kama aliyeiba. Kinamama wa Alhamisi wakatuma sabuni, glavu, na maombi kwa simu, wakishangaa kwa nini Bibi hakuwaambia yeye mwenyewe kwamba ana ugonjwa wa kuambukiza. Bibi akakata simu. Akaniita kwa jina langu kamili, la kwenye cheti.

Leo hakuna kusoma. Kiti changu kimejazwa nguo za kupiga pasi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetubu. Nimepita nyumba tano kutangaza kwamba jicho haliambukizi. Nyumba ya nne wakauliza kama si mimi niliyesema linaambukiza. Nikasema yule alikuwa na haraka.

Bibi kasamehe saa tisa. Nimepata kasi siku hizi, tumefika 171. Mkono umeshikwa mara nne, moja kwa sababu ya paka.

Lakini kuna jambo. Kitabu kina kurasa 212. Kliniki ya kufungua jicho ni tarehe 17. Kwa mwendo huu kitaisha mapema, na Bibi kashasema, kwa huruma kabisa, kwamba kikiisha hiki, kingine asome Mwalimu, nipumzishe koo langu.

Koo langu halijaomba likizo.

Hitimisho: kitabu hiki kisiishe.

Jumatatu, 10 Machi

Mpango umeanza! Tulipofika ukurasa wa 180 nikainua macho kwenye maandishi na kuendelea tu. Mwandishi alisahau watu. Mji una milango yote ile, inavunjwa kila sura, na hakuna fundi makufuli hata mmoja?

Nikamleta. Anashuka kwenye basi na begi la vyombo. Mtu wa makamo. (Bibi akauliza makamo ya miaka mingapi. Nikasema kitabu hakitaji.) Mikono mizuri, mcheshi, hana makuu. Anautazama mlango wa mnara, anatikisa kichwa, anasema: hapa haikupita pini, hapa pamepita ufunguo wa bandia, na aliyeuchonga anatumia mkono wa kushoto. Mji mzima kinywa wazi.

Bibi akauliza kama huyo fundi ana mke. Nikasema anaye. Yukoje? Mkali, nikasema, lakini ukimwona huwezi kupita bila kugeuka.

Bibi akanishika mkono, na hakuna hata hatua iliyokuwa imesikika ngazini!

Nilikuwa nageuza kurasa ili nisikike. Ukurasa wa 180 nimeugeuza mara kumi na moja.

Jumanne, 11 Machi

Nimezidisha. Nimemuua daktari.

Sikukusudia. Alianza tena na pini zake, hasira ikanipanda, nikamwangusha kutoka mnarani. Nikamzika papo hapo, nyimbo mbili tu, akaliliwa na fundi makufuli peke yake.

Mkono ukaachiwa. Bibi akasema, "Kumbe kafa." Basi. Akaomba kanga ajifunike, akasema leo inatosha, nikapumzike.

Nimekaa uani saa nzima. Mtu wa karatasi, na bado nimekuwa muuaji.

Jumatano, 12 Machi

Daktari hakufa! Alizirai. Bibi akauliza si walishamzika? Nikasema walizika begi lake. Akauliza, kama Lazaro? Nikasema Lazaro alikaa siku nne, huyu moja, mwandishi naye anajua mipaka yake.

Akacheka kidogo. Mkono umerudi, ingawa kwa vidole viwili.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya kufa mtu.

Kinamama wa Alhamisi wamekuja sita, na Spika nyuma yao, eti kuthibitisha kwamba jicho haliambukizi. Mimi jikoni na birika. Wakamuuliza Bibi siku zinakwendaje bila kusoma. Akasema zinakwenda vizuri, Mzee anamsomea, na wamefika pale fundi makufuli anapokuta chumba cha siri chini ya mimbari.

Mama Kabati, yule anayetunza vitabu, kakisoma mara tatu hicho. Akauliza fundi makufuli yupi.

Bibi akaeleza. Begi la vyombo. Ufunguo wa bandia. Daktari aliyefufuka. Yaani hakusahau kitu! Mama Kabati akasema jamani, labda mimi ndiye wa kupelekwa kliniki. Spika akatabasamu. Alikuwa na nakala mkobani, kanisa lina mbili. Akalowesha kidole, akaipekua yote mbele ya watu. Kurasa 212. Sura ishirini. Hakuna fundi. Akasema kwa sauti ile ya Jumapili kwamba ili kuondoa utata, basi na asome ukurasa wa mwisho.

Nikalitazama birika kama ningeweza kuingia ndani yake.

Bibi akainua mkono. Akasema samahani, Mwalimu, hiyo yako ni ile iliyofupishwa. Yetu ndiyo kamili.

Spika akaifunga nakala, akairudisha mkobani bila kusoma hata mstari. Mama Kabati akauliza kwa unyenyekevu kama hiyo kamili inaweza kuazimwa. Bibi akajibu haiazimwi. Inasomwa hapa hapa, na ina msomaji mmoja.

Walipoondoka sikutoka jikoni. Nikaosha vikombe vilivyokuwa safi. Akaniita. Akasema njoo ukae, mwongo wangu.

Akanieleza jambo ambalo kwa miaka arobaini na sita sikulijua. Kila kitabu yeye hukianza na ukurasa wa mwisho. Kila kimoja. Tangu ule mwaka tuliompoteza kitindamimba wetu, hawezi kuingia kwenye hadithi kabla ya kujua nani atatoka mzima. Akishajua, ndipo anarudi mwanzo na kuogopa kwa raha zake.

Kwa hiyo alijua tangu mwanzo kwamba daktari anamwoa mpiga kinanda. Nilipomuua hakumlilia daktari. Alidhani nimechoka kumsomea, nataka tumalize.

Mimi nichoke! Nikamtengenezea plasta ambayo haikuwa na tatizo.

Nikamuuliza kama sasa turudi kwenye maandishi. Akafikiri. Akasema fundi wako anajisifu mno, halafu mwandishi wake anampendelea. Lakini usimuue. Huyu ndiye pekee nisiyejua mwisho wake.

Nimeapa. Sitadanganya tena ndani ya nyumba hii. Nimeandika hapa kwa wino.

Jumatatu, 17 Machi

Kliniki. Daktari wa macho akabandua plasta taratibu. Bibi akapepesa, akatazama dirisha, akatazama kalenda ukutani akaisoma mpaka jina la kiwanda. Kisha akanigeukia mimi. Akatazama muda mrefu. Nilikuwa nimevaa shati la bluu, nimejikaza kama napigwa picha ya kitambulisho.

Akasema, "Kumbe umezeeka hivi." Akanifuta kitu shavuni. Hakikuwepo kitu.

Wakampa miwani ya muda. Tulipofika nyumbani akavuta kiti dirishani, akafungua 180, akasoma mpaka 212. Kimya kimya! Kwa macho tu! Nimepita mbele yake mara tano nikiwa na ufagio. Mara ya tano akaniambia namkinga mwanga.

Nimefurahi kwamba anaona. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilikaa hospitali siku ya upasuaji nikimwahidi Mungu mambo mengi, baadhi yake hata siwezi kuyatimiza kwa umri huu. Nimefurahi.

Ila mkono huu sijui niupeleke wapi saa tisa.

Jumanne, 18 Machi

Kaenda kabatini mwenyewe, karudi na kingine. Kurasa 340. Muuaji ni shemasi, kashaniambia. Nimetengeneza kitasa cha choo ambacho hakikuharibika.

Alhamisi, 20 Machi

Tangu jana asubuhi sioni.

Ilianza ghafla. Nimekosa kikombe mara mbili, nikalisalimia koti kwenye msumari, nikaliuliza habari za nyumbani. Bibi akashtuka sana, mpaka nikataka kumwambia ukweli. Kisha akaniketisha kwenye kiti cha dirishani, akakaa karibu yangu, akafungua kitabu chake, akasema leo zamu yangu kukusomea.

Anasoma vizuri, mke wangu! Hana vituo wala hisia za Spika. Anasoma kama anayekupa siri. Ukurasa wa 12 nikamdaka mkono. Hakuna kitu kilichotokea ukurasa wa 12, shemasi alikuwa anakunywa chai. Hakuuondoa.

Kurasa thelathini na moja jana. Arobaini leo.

Matatizo yapo, madogo. La kwanza, asubuhi nilimtoa sisimizi begani mwake, na akanitazama kwa lile jicho jipya kwa muda usiopendeza. La pili, naandika haya stoo, mlango nimeukomea, maana kipofu haandiki shajara. La tatu, Bibi kapiga simu kliniki. Jumatatu saa mbili niko kwenye foleni, kwa daktari yule yule wa macho, naye ana sindano, na Spika kajitolea kunishika mkono njia nzima.

Spika! Mkono huu huu!

Nimewaza sana kati ya magunia, na nimeliona kosa langu. Kosa ni macho. Macho yana daktari, yana mashine, yana mwanga wa tochi. Basi Jumapili nitapona kwa maombi, mbele ya kanisa zima, Spika afurahi, kinamama wa Alhamisi wapate la kushukuru.

Jumatatu nitaanza na sikio. Mtu mwenye sikio bovu lazima asomewe kwa karibu zaidi.