Kadi ya Injini

Jumatatu, 4 Machi
Leo tumegawiwa kadi. Sisi watunga kamusi ya shule hatuchagui maneno, unachopewa ndicho hichohicho. Mimi nimepata "inzi". Jirani yangu wa meza, tunayemwita Profesa kwa ubishi wake, kapata "injini". Injini! Na Baba alikuwa fundi wa injini za meli miaka thelathini na moja!

Tangu miguu imgomee, Baba anashinda dirishani. Haongei. Chakula anakidonoa tu. Na kazi ya kalamu hajawahi kuihesabu kuwa kazi. Nikimpelekea "injini" niliyoieleza mimi mwanawe, lazima atainua uso. Kwa inzi hainui mtu uso.

Jumanne, 5 Machi
Profesa kaenda kunywa chai. Nimebadilisha kadi. Dhamiri shwari kabisa.

Nimeandika: "Injini: mtambo unaosukuma meli, ndege au gari." Fupi! Safi! Nimejipongeza kwa vikombe viwili vya chai.

Jumatano, 6 Machi
Profesa kagundua. Nikasingizia upepo. Akauliza ni upepo gani huo unaojua alfabeti. Mhariri Mkuu akaamua nibaki na injini, ila kosa moja tu, inarudi kwa Profesa. Nikaapa kwamba kosa halipo. Kumuuliza fundi, sikumuuliza yeyote. Ninaye mmoja nyumbani!

Alhamisi, 7 Machi
Nimempa Baba kadi. Kasoma. Karudia. Akaomba kalamu. Nikadhani anataka kuweka sahihi! Loo, kaikata sentensi nzima.

Akasema injini ya meli haisukumi kitu, inazungusha rafadha, lile pangaboi la chini, na rafadha ndiyo inayosukuma maji. Ya gari inazungusha magurudumu. Ya jeti ndiyo inayosukuma yenyewe: inatema hewa ya moto nyuma, ndege inakwenda mbele. Akauliza ni nani aliyeniajiri.

Kaongea saa nzima! Kachora rafadha mezani kwa kidole na chai iliyomwagika. Kisha akamwambia dada yangu amwongezee chakula. Nikaenda jikoni kujifanya natafuta chumvi. Nililia, sifichi.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekiri kwa Mhariri Mkuu. Injini imerudi kwa Profesa pamoja na masahihisho ya Baba. Kayanakili neno kwa neno, halafu kajisifu ofisi nzima. Nimerudishiwa inzi wangu. Nimeahidi mbele ya watu wote kwamba sitagusa tena kadi ya mtu.

Kufika nyumbani, Baba yuko mlangoni na kiti chake, kalamu sikioni. Akauliza leo nimeleta nini. Ningemwambiaje inzi?

Nikamwambia kesho.

Jumamosi, 9 Machi
Nusu siku kazini. Profesa kaenda kunywa chai. Ninayo "kabureta" mfukoni. Nimeshaikosea mahali patatu, na natafuta pa nne, Baba asimalize mapema.