Ombi la Kuondolewa Riwaya Sebuleni Kwangu

Kwa Bi. Kowalchuk,
Mkutubi wa mji wetu wa Dunmoor, Saskatchewan, Kanada.

YAH: KUVUNJIWA NYUMBA NA RIWAYA

Bibi Mkutubi mheshimiwa,

Natumai hujambo na theluji haijakuzibia mlango. Mimi sijambo kidogo tu. Kichwa cha habari hapo juu chahusika, tena chanihusu mimi.

Kila mwezi unatuletea mkoba wenye nakala kumi za riwaya moja, na akina mama tisa, mke wangu Noreen akiwemo, hukaa sebuleni kwangu kuijadili. Mimi hufukuzwa niende chumba cha chini ya nyumba. Sisikilizi, Mungu shahidi. Ila bomba la hewa ya moto, la kupasha nyumba joto, linapanda kutoka huko hadi sebuleni, na nikizima redio na kusogeza kiti, maneno hunifikia bila kupenda.

Safari hii umetuletea ile ya mwanamke anayemwacha mumewe mkulima, eti kwa miaka kumi na moja mume hakusema kitu mezani ila "Chumvi." Malalamiko yangu ni haya:

1. Sioni kosa la mume. Kasema chumvi, kapewa chumvi. Wangapi wanaelewana hivyo?

2. Kikundi kimegawanyika vibaya. Bi. Olesia, mjane, alisema mke angevumilia tu, maana mume mwenyewe halewi. Jirani yetu Glenda akamrukia: "Na ng'ombe je, shoga? Naye halewi, kaolewe naye basi!" Wakacheka mpaka vikombe vikagongana. Haya ndiyo maneno ya kusema mtu akila pai ya matufaha niliyomenya mimi?

3. Glenda hakukoma. "Jamani, huyu mume si Lorne kabisa?" Nikangoja Noreen anitetee. Miaka thelathini na minne ya ndoa! Noreen akasema, "Aa, Lorne hasemi chumvi. Huinyooshea kidole." Bibi, niliumia. Hata pai sikula.

4. Kesho yake Noreen akashusha sanduku la safari kutoka darini, akaliweka mlangoni. Anasema Jumamosi anakwenda kwa dada yake, mjini Regina, kutafuta utulivu, na hajui atarudi lini. Utulivu gani tena, na hapa nyumbani kuna kimya tele?

5. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu: mkoba uchukuliwe leo hii; riwaya zijazo ziwe na wake wanaobaki; kurasa ambazo mke anafungasha nguo zibandikwe kwa gundi; Glenda apewe vitabu vya mapishi peke yake. Ikishindikana, maktaba ifungwe mpaka theluji iyeyuke au mpaka Noreen arudishe sanduku darini, lolote litakalochelewa zaidi.

Nisalimie mzee wako, wafanyakazi wote wa maktaba, na yule paka wenu wa dirishani. Glenda msalimie ukipenda.

Ni mimi, mume wa mtu mpaka Jumamosi,
Lorne Prystupa

N.B. Ile nakala ya kumi uliyoiulizia haijapotea. Ninayo huku chini, nimeisoma mara mbili. Bibi, yule mke angeondoka ukurasa wa kumi na mbili, pale aliporudi kutoka kumzika mama yake na mume asimwulize hata neno. Mimi pia sikumwuliza Noreen, mwaka ule alipofiwa na mama yake. Barua hii nilikwisha kuifunga jana. Nikapanda juu, nikamwambia yote mawili, la riwaya na la mama yake, tukinywa supu ya mchana. Akaweka kijiko chini. Akalia kidogo, kisha akasema, "Hujaelewa kitu wewe! Kwenye ukurasa wa kumi na mbili bado anampenda!" Tunabishana tangu jana, supu tumeipasha mara tatu. Sanduku amelivuta mpaka mezani, anaweka miguu juu yake. Basi mkoba usiuchukue kwanza, tuongezee wiki mbili. Na mwezi ujao uniwekee nakala yangu; nitakaa sebuleni, upande wa Glenda.